Mizani ya Pamba na Mizani ya Mtoto

Maneno ya Kamati ya Elimu ya Ushirika, yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, Mwanza



Tumepewa nusu saa ya kusema juu ya chakula na afya katika nyumba ya mkulima. Twajua kwamba wajumbe wengi walitazamia kusikia habari za bei, na wengine wamekwisha kuanza kutazama saa zao. Twawaomba mtuvumilie. Habari tuliyo nayo yahusu pamba pia, na katika sehemu moja iko karibu sana na ghala letu, karibu kuliko tulivyopenda.

Wazee wetu hawakuanza ushirika kwa kupenda mikutano. Walianza kwa ajili ya mizani. Zamani mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa mnunuzi. Mnunuzi akaipima kwa mizani yake mwenyewe, akaisoma mwenyewe, akataja ratili. Mkulima hakuwa na la kujibu. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipoweka wapimaji wao, wasimame kando ya mizani na kusoma sawasawa. Kutokana na mwanzo huo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vikaenea vyama vya msingi katika kanda yote, na mwaka 1955 ukasimama hapa Mwanza muungano uliojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Sisi ni watoto wa juzi, tuna miaka 10 tu, lakini macho yale ya kutazama mizani tumeyarithi. Hakuna mkulima katika ukumbi huu ambaye karani akimpunja kilo 2 atapata usingizi usiku ule.

Sasa ipo mizani nyingine vijijini mwetu. Hutundikwa kwenye boriti ya zahanati, au kwenye tawi la mwembe siku muuguzi anapokuja, na chini yake hufungwa mfuko wa kitambaa ambamo hutiwa mtoto mchanga akilia. Muuguzi husoma, kisha huandika kilo katika kadi. Tulipopita katika vyama vya Misungwi, Magu, Kwimba na Sengerema tuliwauliza wanaume waliokaa mbele ya maghala: mtoto wako mdogo ana kilo ngapi? Waliweza kututajia kilo za pamba walizouza msimu uliopita, na za msimu uliotangulia, na wengine wakakumbuka hata namba ya stakabadhi. Kilo za mtoto hawakuzijua. Jibu lilikuwa moja kila mahali: «Hayo ayajua mama yake.» Na kusema kweli, sisi wenyewe katika Kamati tulipoulizana njiani, tulikuta hatukuwa na jibu bora kuliko lile.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika uchunguzi wa miaka ya 2015 na 2016 walikuwa 34. Twaenda mbele, lakini kwa mwendo wa ng'ombe aliyechoka kulima. Tena kudumaa si jambo la ukoo wa watu wafupi. Ni alama ya mwili uliokosa vifaa vya kujengea tangu mimba ilipotungwa hata mtoto alipotimiza miaka 2, na upungufu wa siku hizo ni vigumu mno kuulipa baadaye, hata baba akiuza pamba ya ekari 20.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya nchi za ukame. Haya basi, na tutazame vyakula vyetu. Nchi hii ina mahindi, mtama, mpunga wa majaruba, muhogo na viazi vitamu. Ina karanga, kunde, choroko na dengu. Ina ng'ombe na mbuzi. Na mbele ya mlango wetu Mwenyezi Mungu ameweka ziwa ambalo watu wa nchi tatu hulivua usiku na mchana. Njaa ya mtoto katika nchi kama hii yahitaji maelezo.

Maelezo tuliyoyapata ni kwamba twauza vizuri kuliko tunavyokula. Dengu za mbuga zetu nyeusi husafiri mpaka India. Wanunuzi huzifuata hadi shambani, nasi huwapa zote, tukabaki na ugali na mlenda. Hatusemi msiuze. Chama Kikuu kisichotaka wanachama wake wauze kingekuwa chama cha ajabu. Twasema tu kwamba debe moja au mawili ya choroko yakibaki ndani, nyumba yapata kitoweo cha kujenga mwili kwa miezi kadhaa bila kutoa senti. Fedha ya pamba nayo ina tabia yake. Huja yote pamoja katikati ya mwaka, nyumba husherehekea, baiskeli hununuliwa, na ikifika Januari na Februari, wakati wa palizi ambapo mwili wataka nguvu nyingi kuliko wakati wowote, ghala la nyumbani ni tupu na mahindi sokoni yamepanda bei. Anayepalilia kwa njaa aghalabu ni mama, na pengine ana mimba. Hapo ndipo kilo za mtoto zinapoanza kupunguka, kabla hata hajazaliwa.

Sasa tuseme juu ya dagaa, maana hapa wengi hukosea kwa fahari. Mtu akipata fedha hununua sangara au sato, na dagaa huwaachia maskini na kuku. Lakini sangara twala mnofu tu; na hata mnofu wenyewe, sehemu kubwa hupelekwa ng'ambo kutoka viwanda vya Mwanza, sisi tukanunua mapanki. Dagaa huliwa mzima, kichwa, mifupa na matumbo, kwa hiyo ndani yake mna chokaa ya kujenga mifupa, na madini ya chuma ya kuongeza damu, pamoja na nyama yenyewe. Kopo moja la dagaa lina faida kwa mtoto kuliko kipande cha samaki mkubwa cha bei ileile. Dagaa safi wakikaangwa kidogo bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa, unga wake waweza kutiwa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6, kijiko kimoja kwa bakuli. Mabibi waliotufundisha jambo hilo walituonya kwamba tusitie unga mwingi siku ya kwanza, kwa sababu ya harufu. Mtoto naye ana maoni yake.

Lakini dagaa gani? Yeyote aliyefika visiwani, au aliyesimama asubuhi katika soko la Mwaloni pale Kirumba magunia yanaposhushwa, ajua kwamba dagaa wengi wameanikwa mchangani. Mchanga huo umepitiwa na mbuzi, bata, watoto, na mvua ya usiku. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo dagaa huoza, na walioza nusu hukaushwa tena wakauzwa. Wale walioanikwa juu ya vichanja vya nyavu hukauka upesi kwa sababu upepo hupita juu na chini. Hawana mchanga, na hupata bei nzuri zaidi. Wanachama wetu wa mwambao wanaovua usiku wa giza la mwezi na kulima mchana wanalijua hili, lakini kichanja chahitaji miti, nyavu na misumari, na mchanga ni wa bure. Kwa mnunuzi twasema hivi: dagaa mzuri hung'aa, havunjiki kuwa vumbi, hana harufu kali ya uchachu. Dagaa wa chakula cha kuku asiletwe jikoni, hata akiwa rahisi.

Viazi tutavipitia upesi, maana kila mtu hapa amekula michembe na matobolwa tangu utotoni. Kituo cha Utafiti cha Ukiriguru, kile kile kilichotupa mbegu za pamba zenye herufi UK, kimeeneza pia mbegu za viazi lishe vyenye rangi ya machungwa. Rangi ile ndiyo dalili ya vitamini A, ambayo hulinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kupambana na maradhi. Ukitengeneza michembe ya viazi hivyo, ianikwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huharibu sehemu ya vitamini hiyo. Majani ya viazi, kisamvu, majani ya kunde na nsansa zake ni mboga zisizohitaji duka. Maziwa yachemshwe. Maji ya ziwa nayo yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, kwa maana mtoto anayeharisha kila mwezi hawezi kunenepa, hata alishwe nini.

Muhogo una habari yake, nao hatuwezi kuupita upesi. Kwa watu wa Ukerewe na Ukara muhogo ni ngao ya njaa. Ule mchungu haushambuliwi sana na wanyama wala wezi, na sababu ya uchungu wake ndiyo sababu ya hatari yake: ndani mna kitu kinachotoa sumu iitwayo sianidi. Bibi zetu hawakujua jina hilo, lakini walijua dawa yake. Waliumenya, wakauvundika au kuuloweka siku kadhaa mpaka ukalainika, wakauanika hata ukawa mkavu kabisa, ndio udaga. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika Wilaya ya Tarime, mkoa jirani wa Mara, njaa iliwafanya watu wafupishe siku hizo. Muhogo ulichimbwa, ukatengenezwa haraka, ukaliwa bila samaki wala maharage. Zaidi ya watu 30, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu ghafla. Ugonjwa huo waitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na miguu iliyoshikwa nao haikurudi kuwa kama zamani. Waganga waliochunguza walieleza kwamba mwili hutumia chakula cha nyama, samaki na kunde katika kuivunja nguvu sumu hiyo. Kwa hiyo mtu aliyekosa kitoweo hupata madhara makubwa zaidi. Hekima ya bibi haikuwa na kosa. Lililokosekana ni siku tatu za subira na kitoweo sahanini.

Kadhalika mahindi na karanga. Katikati ya mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Hii ni sumu itokayo katika kuvu, yaani ukungu unaoota juu ya nafaka isiyokauka vizuri. Haionekani, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, ini lake huingia hatarini, na saratani yaweza kumpata. Basi tusianike mahindi na karanga juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au kichanja. Tusiyatie ghalani kabla hayajakauka hata punje kulia ikitafunwa. Karanga zilizosinyaa, zilizooza au zenye rangi ya kijani zitupwe. Wala zisitiwe katika kinu cha mama wala katika chakula cha kuku, kama watu wengi wafanyavyo wakidhani wameokoa mali. Ipo mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote, nayo yafaa sana.

Tumetaja neno dawa. Hapa ndipo tulipoahidi kufika.

Katika kijiji kimoja cha mmoja wa vyama vyetu, ambacho hatukitaji kwa kuwa wenyewe wametuomba, mtoto wa miaka 4 alikuta chupa ya soda nyuma ya mlango wakati wa mvua za mwezi wa pili. Akanywa. Baada ya muda mfupi akaanza kutokwa na mate na jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha pini, akatapika, akalegea. Jirani wakamnywesha maziwa, kama ilivyo desturi, na muda mwingi ukapita hapo. Maziwa hayaondoi sumu. Bahati njema yupo kijana mwenye pikipiki aliyewabeba mtoto na mama yake mpaka zahanati, na kutoka huko wakapelekwa hospitali. Mtoto alipona, ingawa alikaa hospitali siku nyingi, na waganga walipata taabu kwanza kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika alikunywa dawa gani. Chupa haikuwa na karatasi yake.

Twataka wajumbe walisikie hili vizuri. Chupa ile ilijazwa ghalani kwetu. Baba wa mtoto alikuwa na eneo dogo, dawa iliyokuja ilikuwa katika chupa kubwa, na karani, kwa kutaka kumsaidia, alimpimia kiasi chake katika chupa aliyokuja nayo. Hakuna aliyefanya kwa nia mbaya. Baba yule ni mkulima hodari, na jina lake limepata kusomwa katika mkutano kama huu kwa sifa. Na tulipouliza katika vyama vingine tulikuta kwamba kupimiana dawa katika chupa za soda na za maji lilikuwa jambo la kawaida, ambalo sisi wa Kamati ya Elimu tulikuwa tukilipita kila msimu bila kulikemea.

Tukaendelea kuuliza, tukakuta mengine. Wapo wanaopulizia mchicha na nyanya kwa dawa iliyobaki katika bomba la pamba, kisha wakachuma baada ya siku moja au mbili wakapeleka sokoni mjini. Wapo wanaochanganya dawa hiyo na maharage ya kuweka ghalani. Wapo wanaosuuza chupa tupu mara moja wakatilia mafuta ya taa, na baadaye mafuta ya kula. Mbegu ya pamba ya kupanda, iliyotiwa dawa na kupakwa rangi, imeonekana ikipewa mifugo. Na katika mambo ya Ziwa, wazee wanakumbuka mwaka 1999, ambapo Ulaya ilifunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kusikika habari za watu kuvua kwa sumu za shambani. Viwanda vya minofu hapa Mwanza vilipungukiwa na kazi, na wavuvi ambao hawakupata kugusa sumu hata siku moja wakaumia pamoja na wengine. Dawa ya pamba kazi yake ni kuua. Haibagui funza wa pamba na kiumbe kingine.

Basi Kamati imepeleka kwa Halmashauri mambo yafuatayo, nayo yatasomwa katika kikao cha alasiri. Kwamba kuanzia msimu ujao karani yeyote asimpimie mtu dawa katika chombo kisicho chake. Ikiwa chupa ni kubwa kuliko shamba, wanachama wawili au watatu walio jirani waandikiwe pamoja, chupa ikae katika sanduku lenye kufuli ghalani, na siku ya kupulizia ifunguliwe mbele yao. Kwamba chupa ikiisha isuuzwe mara tatu na maji hayo yatiwe katika bomba la kupulizia, itobolewe, irudishwe ghalani ihesabiwe, kama tunavyohesabu magunia. Tunajua makarani watalalamika. Wana haki ya kulalamika, maana kazi yaongezeka na mshahara ni uleule. Twaomba Halmashauri iliangalie hilo nalo. Jambo jingine ni kwamba turubai na mifuko ile isiyopitisha hewa vitiwe katika orodha ya pembejeo za mkopo, ili mwanachama aweze kuvichukua pamoja na mbegu na kuvilipa kwa pamba.

Tuna neno dogo juu ya sisi wenyewe, nalo halimo katika maazimio. Asubuhi ya leo tuliwapa wageni wetu soda na keki. Wajumbe wengi wamekwisha kuvuka umri wa miaka 50, na kati yao tunajua wangapi wanameza vidonge vya shinikizo la damu na wangapi wamekatazwa sukari, kwa kuwa huuliza mapema chakula kitatoka saa ngapi. Chama cha wakulima kuwalisha wakulima unga wa dukani na maji ya sukari ni jambo la kutahayarisha. Mwaka ujao tungependa kuona karanga za kuchemsha, matobolwa, maziwa ya mgando na machungwa, vyote vimenunuliwa kwa wanachama. Mweka Hazina amefanya hesabu akasema gharama itapungua. Hatukumwomba aseme hivyo.

La mwisho ni mizani. Tumeonana na wauguzi wa zahanati katika vyama vinne, tukawauliza kama wangekubali, siku za kununua pamba, kuja kupima watoto palepale ghalani badala ya kungoja siku yao ya mwezi. Siku hizo baba huwapo, hata wale ambao hawajapata kuiona kadi ya mtoto. Wamekubali, mradi tuwape kivuli, meza na maji ya kunawa. Muuguzi mmoja aliingia ndani, akainua macho, akatuuliza kama boriti ya ghala ina nguvu ya kutosha. Tulimwambia kwamba imebeba mizani yetu miaka 10. Makatibu wa vyama wanaotaka mpango huo waandikishe majina yao kwa Katibu wa Kamati kabla ya kuondoka leo. Daftari liko juu ya meza karibu na mlango.